Leasaigh: kurekebisha au kuboresha?

Leasaigh ni kitenzi cha Kiairishi. Kamusi hukifasiri kwa Kiingereza kwa maana ambazo mtu angedhani hazina undugu: kurekebisha sheria, kutia shamba mbolea, kutia nyama chumvi isioze. Undugu wake uko kwenye mzizi, leas, yaani ustawi au manufaa.

Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kubeba mzigo huo wote, wala hakikihitaji. Mkulima wa Butiama anatia samadi. Mchuuzi wa Musoma anayemtia sangara chumvi na kumwanika anatengeneza kayabo. Mfasiri anabaki na kazi kwenye sheria.

Hapo wengi hukimbilia kusahihisha, na naona si sawa. Kusahihisha kunadai kosa na kipimo: mwalimu ana majibu, mwanafunzi kakosea. Waairishi wana kitenzi kingine kwa kazi hiyo, ceartaigh. Kurekebisha hakudai kosa. Ni kukifanya kitu kikae inavyotakiwa. Fundi wa stendi ya Bweri hurekebisha breki za basi, na hakuna atakayesema anazisahihisha. Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963 kwa jina Julius Caezar. Mwaka 1969 ikatoka upya, Juliasi Kaizari. Jina la kwanza halikuwa kosa, ila la pili linakaa vizuri zaidi katika ulimi wa Mswahili. Hata Katiba ya Tanzania ya 1977, katika ibara ya 98, imeweka kubadilisha kuwa neno pana, kisha ndani yake ikataja kurekebisha na kusahihisha, kila kimoja kwa jina lake.

Lipo pia kuboresha, ambalo kwa muundo ndilo pacha wa leasaigh: bora imezaa boresha kama leas ilivyozaa leasaigh. Maofisini linapendwa sana. Kwenye sheria nalikataa, kwa sababu linasifu kabla ya kupima. Mwaka 1983 katiba ya Ireland iliongezewa kifungu cha kulinda uhai wa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2018 wapiga kura wakaridhia kiondolewe. Mara zote mbili tendo liliitwa leasú, nomino ya kitenzi hichohicho. Machoni pa mtu mmoja hayawezi yote mawili kuwa maboresho. Yote mawili ni marekebisho, na kila mwananchi anabaki huru kusema ni lipi lililomfaa.