Nani Atalipia Tarumbeta?

Katika sharika zetu nyingi Pasaka huanza na tarumbeta. Giza halijatoka, watu wamejikusanya makaburini wamejitanda kanga na makoti kwa ajili ya baridi, na vijana wanapuliza wimbo wa ufufuo huku majogoo bado yanawika. Waumini hulia, hufurahi, kisha hurudi nyumbani kunywa chai. Ni wachache wanaojiuliza vile vyombo vimetoka wapi na nani alivilipia. Sisi tunaokaa kwenye ofisi ya usharika hatuna budi kujiuliza, kwa sababu barua ya mwalimu wa bendi iko mezani: tarumbeta mbili vali zimekwama, ngozi ya ngoma kubwa imepasuka, na sare walizoshonewa kaka zao haziwatoshi hawa wa sasa.

Tukisoma Biblia tunaona kwamba swali hili si geni. Katika Hesabu 10 Mungu anamwagiza Musa atengeneze tarumbeta mbili za fedha, za kuwaita watu na za kuanzisha safari ya kambi. Fedha hiyo ni ile ya kufuliwa, na haikuwa rahisi kupatikana jangwani. Nehemia naye, katika sura ya pili, ni mwombaji wa ufadhili ambaye wengi wetu tungepaswa kukaa miguuni pake. Aliomba kwa Mungu kwanza, lakini mfalme alipomuuliza anataka nini, hakubabaika. Alikuwa na muda wa kazi, alijua barua zipi ziandikwe kwa maliwali, na alijua jina la mtunza msitu atakayetoa miti. Maandiko mengi ya miradi yanayopita mikononi mwetu hayana hata nusu ya hayo. (Yesu naye, katika Mathayo 6, alikataza kupiga tarumbeta mbele ya sadaka. Sisi tunaomba sadaka ili tarumbeta ipigwe. Tunatumaini atatuelewa.)

Tarumbeta zetu za kanisani zina asili ya Ujerumani. Katikati ya karne ya 19, wakati wa uamsho wa Westphalia, vijana wa vijijini walianza kupuliza nyimbo za kanisa kwa vyombo vya shaba. Kikundi cha Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, kilianza mwaka 1843. Aliyekieneza zaidi kipaji hicho ni mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezaliwa 1856 na kufanya kazi miaka mingi Bethel, palepale walipotoka wamisionari waliofika Usambara mwaka 1891 na Bukoba mwaka 1910. Kuhlo alikuwa na wazo la busara la watu wasio na fedha: mpulizaji asome noti kwa sauti ileile anayoisoma mpiga kinanda, ili kijiji kisihitaji vitabu viwili. Huyohuyo uzeeni alimshangilia Hitler, nasi hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo.

Wazo lile la noti limetugusa sisi wenyewe. Katika vitabu vya bendi za Uingereza na Marekani, tarumbeta ya kawaida huandikiwa noti hatua moja nzima juu ya ile inayosikika. Mwaka mmoja tulipewa msaada wa vitabu vizuri, vipya, vya mtindo huo. Hakuna aliyetuuliza vijana wetu wamefundishwa vipi, na sisi hatukuuliza vitabu vimeandikwa vipi. Jumapili ile kinanda kilielekea Kibosho na tarumbeta zikaelekea Machame. Vitabu bado viko kabatini.

Lakini habari tunayotaka kuisimulia hasa haitoki Ujerumani. Ni ya mchungaji wa Kibaptisti, Daniel Joseph Jenkins, wa mji wa Charleston katika jimbo la South Carolina, Marekani. Wakati wa baridi mwaka 1891 aliwakuta wavulana wanne Weusi wamejikunyata ndani ya behewa la mizigo, hawana wazazi wala pa kulala. Jenkins mwenyewe alizaliwa utumwani na kukua yatima, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa hali yao. Aliwachukua. Habari zikaenea, na baada ya muda mfupi hawakuwa wanne tena. Mwaka 1892 chama chake cha kusaidia yatima kilisajiliwa, na mji ukamruhusu kutumia jengo lililokuwa hospitali ya mabaharia, jirani kabisa na gereza.

Ujirani ule ulimpa hoja. Aliwaonyesha wakuu wa mji kwamba mtoto aliyefundishwa kusoma na kufanya kazi hatawagharimu mlango wa pili. Ni hoja ile ile tunayoiandika leo kwenye kurasa za kwanza za maandiko yetu, ila yeye hakuwa na kompyuta. Alipewa ruzuku ya kila mwaka, ndogo sana ukihesabu midomo ya kulishwa. Hapo ndipo alipofikiria bendi.

Hakusubiri fedha za vyombo vipya. Aliwaomba watu wa mji wampe vyombo vikuukuu walivyokuwa wameviacha pembeni, na sare zilitoka kwa wanafunzi wa Citadel, chuo cha kijeshi cha Charleston, walizokwisha kuzitupa. Kitu alichokubali kukigharamia kilikuwa walimu. Waliofundisha, P. M. Logan na Francis Eugene Mikell, waliwafundisha watoto kusoma noti sawasawa, si kukariri kwa sikio tu. Hapa tunamheshimu sana mzee huyu. Sisi huweka tarumbeta juu kabisa ya bajeti na mwalimu chini, kwenye mstari wa mwisho, mahali ambapo mfadhili akitaka kupunguza ndipo anapopunguza. Yeye alikubali vyombo vilivyobonyea lakini hakukubali mtoto asifundishwe.

Basi wakatoka barabarani. Walipiga gwaride, wadogo wakitangulia mbele wakicheza, kisha wakasimama kwenye kona, Jenkins akahutubia, kofia ikapitishwa. Mwaka 1895, nyumba ikiwa na deni, aliwavusha bahari hadi London. Huko alifikishwa mbele ya hakimu wa Bow Street, kwa kuwa sheria ilikataza watoto wadogo kufanyishwa maonyesho barabarani. Wengine wetu tungerudi nyumbani kwa aibu. Yeye aliingia makanisani, akaeleza kazi yake madhabahuni, na watu wakamsaidia.

Baadaye mambo yalikua. Walipiga kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka uliofuata katika maandamano ya kuapishwa kwa Rais Theodore Roosevelt. Kisha kwa Rais Taft mwaka 1909. Mwaka 1914 walikuwa tena London, na vita vikawakuta hukohuko. Mwaka 1927 walipanda jukwaani New York katika mchezo wa Porgy. Kutoka kwenye nyumba ile walitoka wapulizaji waliojulikana duniani: Cat Anderson, aliyepiga katika bendi ya Duke Ellington, na Jabbo Smith.

Tunasimama kidogo kwa Jabbo Smith. Mama yake alimpeleka pale akiwa mtoto mdogo kwa sababu hakuweza kumlea. Pale ndipo alipopata tarumbeta, na pale ndipo alipotoroka zaidi ya mara moja. Wanaosimulia habari za Jenkins kwenye mikutano ya kanisa hupenda sehemu ya kwanza. Ya pili hutajwa haraka. Lakini mtoto aliyevaa sare ya askari iliyotupwa na mwingine, akapiga muziki kwenye kona huku mtu mzima akieleza umaskini wake mbele ya wapita njia, alikuwa akijifunza mambo mawili kwa pamoja, na la pili si noti. Hatusemi Jenkins alikosea. Watoto walikula. Wakati ule, mahali pale, hatujui ni mlango gani mwingine ungefunguliwa kwa mchungaji Mweusi mwenye yatima wengi. Tunasema tu kwamba chombo cha kukusanyia sadaka kilikuwa mtoto mwenyewe.

Jambo hili tumelijua kwa uchungu. Miaka michache iliyopita tuliandika andiko la mradi kwa ajili ya bendi yetu. Tulikuwa tumehudhuria semina, tukaambiwa mfadhili anataka kuona tatizo. Kwa hiyo tukaliandika tatizo. Tuliandika kwamba vijana wa bendi ni watoto walio hatarini, wengi wao wanakaribia kuingia kwenye dawa za kulevya na uhalifu, na kwamba bila tarumbeta watapotea. Lilikuwa andiko zuri. Nakala moja ikabaki juu ya meza ya ofisi, na kijana mmoja, fundi pikipiki anayepiga besi, alikuja kuchukua ufunguo wa stoo akaisoma amesimama.

Hakukasirika. Aliamkia, "Shikamoo Baba Mchungaji," kisha akauliza: "Hapa walioandikwa ni sisi, au kuna wengine?"

Tulijibu kwamba ndivyo maandiko yanavyoandikwa. Akasema sawa, akachukua ufunguo.

Fedha zilikuja. Vyombo saba, vipya, na ngoma ndogo mbili. Mfadhili aliomba picha za ripoti, na siku ya picha kijana yule alisema ana pikipiki ya mtu ya kumalizia. Hajaacha bendi; bado anapiga besi kila Jumapili, na anaipiga vizuri. Katika picha iliyoko kwenye faili lakini, besi imeshikwa na mtu mwingine.

Mzunguko uliofuata wa maombi tuliwapa vijana wenyewe sehemu ya kujieleza. Tuliketi nao jioni mbili baada ya mazoezi, na sisi hatukushika kalamu. Waliandika kwamba wao ni ishirini na wawili, kwamba kila mmoja hutoa shilingi elfu moja kwa mwezi asipokuwa na udhuru, kwamba msibani hawatozi na harusini wanatoza, na kwamba fedha za harusi ndizo zilizonunua mafuta ya vali kwa miaka mitatu. Waliandika pia wanachokosa: mwalimu wa kulipwa wa miezi kumi na miwili, anayejua mtindo wa noti wa kinanda. Mwishoni mmoja akaongeza kwamba wangependa sare, lakini zisiwe za msaada. Watashona wenyewe, wakubaliwe tu rangi.

Jibu lilikuja kwa ustaarabu. Maombi ni mazuri, ila hayaonyeshi uhitaji wa kutosha.

Tuliisoma barua ile katika baraza la wazee. Mzee mmoja alisema turudishe maneno ya zamani, fedha ipatikane, Mungu anajua mioyo. Mama mmoja, mweka hazina wetu, alisema Nehemia hakumwambia mfalme kwamba Wayahudi ni wezi. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko ajenda nyingine zote, na hatukuumaliza. Tulikubaliana tu kwamba Jumapili inayofuata baada ya ibada kungekuwa na mnada wa tarumbeta. Vilikuja mikungu ya ndizi, majogoo manne, parachichi, trei za mayai, na keki moja iliyonunuliwa na kurudishwa mnadani mara tano. Tulipata ngozi ya ngoma kubwa na mshahara wa mwalimu wa miezi minne.

Vali mbili bado zimekwama. Andiko jipya linatakiwa kufika mwisho wa mwezi huu, na ukurasa wa kwanza, wenye kichwa kisemacho Maelezo ya Tatizo, bado ni mweupe. Fundi pikipiki ameahidi kupita Alhamisi, kwanza azitazame zile vali.