Aristotle na wavuvi wa Ishango

Pale Ishango, wilayani Beni, Ziwa Edward linamwaga maji yake katika mto Semliki. Maji hayo hupita kando ya milima ya Rwenzori, huingia Ziwa Albert, kisha hushuka na mto Nile mpaka Misri. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Aristotle, ambaye hakuwahi kufika huku, aliandika kwamba Nile huanzia kwenye Mlima wa Fedha. Baadaye mwanajiografia Ptolemy akataja Milima ya Mwezi. Mpelelezi Stanley alipoiona theluji ya Rwenzori mwaka 1888, alisema ndiyo milima hiyo.

Aristotle anastahili heshima yake. Alipasua wanyama, aliwahoji wavuvi na wafuga nyuki, akapanga viumbe kwa aina zao. Wasomi wa Baghdad, Kordoba na Paris walimsoma kwa karne nyingi, wengine wakimwamini kuliko macho yao. Ndiye pia aliyeandika kwamba hesabu ilizaliwa Misri, kwa kuwa makuhani wa huko walikuwa na nafasi ya kutafakari bila kuhangaikia riziki.

Ishango inampinga. Mwaka 1950, mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua hapo mfupa wa kahawia wenye urefu wa sentimita 10 hivi, uliochomekwa kipande cha kwatzi kwenye ncha moja. Unakadiriwa kuwa na miaka 20,000. Una safu tatu za mikato. Safu moja ina mafungu ya mikato 11, 13, 17 na 19. Nyingine 11, 21, 19 na 9. Jumlisha mwenyewe: kila moja ya safu hizo mbili inatoa 60. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, Mmarekani Alexander Marshack akaona kalenda ya mwezi, na wapo wasemao ni mikato ya kuzuia mkono usiteleze. Mimi siamini kwamba 60 hizo mbili zilijileta zenyewe.

Na waliouchonga mfupa huo hawakuwa makuhani. Palepale zilipatikana ncha za vyusa za mifupa, zenye miiba, pamoja na mabaki ya samaki. Walikuwa watu wa kazi, kama wanaovua ziwani humo leo, kule Kyavinyonge.

Mfupa wenyewe uko Brussels, katika taasisi ya sayansi asilia. Walimu wa Butembo na Beni, fundisheni habari za Aristotle, lakini siku hiyohiyo choreni safu za Ishango ubaoni, watoto wazihesabu.