Aliyetengeneza Sanduku Lako

Kama ulisoma shule ya bweni, unalikumbuka lile sanduku la bati. Mzazi alilinunua, likaandikwa jina lako kwa rangi, ukalifunga kwa kufuli na kulala ukiwa na wasiwasi nalo. Huenda liligongwa Kamukunji hapa Nairobi, na fundi ambaye shule ilimwacha njiani.

Nilianza kumfikiria huyo fundi baada ya kuacha chuo kikuu. Karo ilikwama, nikarudi nyumbani kusota. Shangazi akanishauri kwa upole: "Si uende chuo cha ufundi, usomee umeme?" Nilikasirika. Niliisikia kama hukumu. Baadaye nikajiuliza, hasira hiyo niliirithi wapi?

Ni ya zamani. Mwaka wa 1924 serikali ya kikoloni ilifungua kituo Kabete cha kuwafunza Waafrika kazi kama useremala na uashi. Ujuzi ulikuwa wa kweli, lakini ujumbe nao ulieleweka: wewe shika nyundo, ofisi ina wenyewe. Si ajabu wazazi wengi walitaka mtoto ashike kalamu.

Uhuru ulipokuja, shule za msingi zilijaa kuliko nafasi za sekondari. Mwaka wa 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Jibu likawa vyuo vya ufundi vya vijijini, vya gharama ndogo na karibu na nyumbani, ambapo kijana angejifunza kazi ambayo majirani wangemlipa kuifanya. Wazo zuri. Lakini mtaani vikaitwa vyuo vya waliofeli, na jina likaganda.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilichunguza ajira Kenya na kueleza kitu ambacho fundi yeyote angekuambia bure: watu wasio na kazi za kuajiriwa hawakuwa wamekaa tu. Walikuwa wakishona, wakichomelea, wakiuza, huku serikali ikiwafukuza. Ilichukua hadi 1985 kwa Rais Moi kufika Kamukunji na kuahidi mafundi vibanda vya kuwakinga na jua.

Halafu mambo yakageuka. Kuanzia 1993 serikali ilianza kupunguza wafanyakazi wake. Watu wa ofisini wakajikuta nje, wakitafuta pa kuanzia upya. Kalamu haikuwa kinga tena.

Miaka hiyo hiyo ukaja mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na huo ndio unaonivutia zaidi. Badala ya kujenga chuo kingine, ulimpa mfanyakazi wa jua kali vocha. Vocha ililipa sehemu kubwa ya gharama, yeye akaongeza kidogo, kisha akachagua mwenyewe wa kumfunza. Unadhani wengi walienda wapi? Walienda kwa fundi mkuu, mtu mwenye karakana, wateja na makosa ya miaka mingi ya kusimulia. Darasani hawakukimbilia.

Pesa za mradi ziliisha na vocha zikaisha. Ila somo lilibaki: mafunzo hubadilisha maisha yanapomchukulia mtu kama mwenye akili tayari, mwenye wateja wa kuhudumia na kodi ya nyumba ya kulipa. Yanakwama yanapotolewa kama rambirambi. Sasa serikali imeanza mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ili fundi aliyejifunza bila darasa naye apate cheti. Tumechelewa, lakini ni mwanzo.

Mimi? Nilimpigia shangazi simu nikamwomba radhi. Siku hizi mchana namfuata fundi wa umeme kwenye mijengo, nikibeba ngazi na kuuliza maswali mengi kuliko anavyopenda. Usiku naandika. Sijafeli popote. Nimebadilisha darasa tu.