Béla Bartók, Mtunzi Aliyefuata Nyimbo Vijijini

Béla Bartók alizaliwa Machi 25, 1881, huko Nagyszentmiklós, mji mdogo uliokuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria na ambao leo umo Romania. Baba yake, mkuu wa chuo cha kilimo, alifariki mwaka 1888, mtoto akiwa na miaka saba. Mama yake, Paula, mwalimu wa shule na mwalimu wake wa kwanza wa piano, alihama na wanawe wawili kutoka mji hadi mji kufuata kazi. Mmoja wa miji hiyo sasa uko Ukraine. Mwingine, Pozsony, siku hizi huitwa Bratislava na ni mji mkuu wa Slovakia.

Mwaka 1899 alijiunga na Chuo cha Muziki cha Budapest, ingawa mlango wa Vienna ulikuwa wazi kwake. Piano alifundishwa na István Thomán, mwanafunzi wa zamani wa Franz Liszt. Bartók wa siku hizo alikuwa mzalendo mkali: alivaa mavazi ya kitaifa na kuishinikiza familia yake izungumze Kihungaria badala ya Kijerumani. Utunzi wake mkubwa wa kwanza kwa okestra, uliopigwa Januari 1904, ulimtukuza Lajos Kossuth, kiongozi wa mapinduzi ya mwaka 1848.

Majira ya joto ya mwaka huo wa 1904 alimsikia mtumishi wa nyumbani kutoka Transilvania, Lidi Dósa, akiimba. Wimbo ule haukufanana na muziki ambao watu wa mjini waliuita wa Kihungaria. Muziki huo wa mjini ulikuwa hasa ule uliopigwa na bendi za Waroma mikahawani, nao Liszt mwenyewe aliuchukua kuwa ndio asili ya muziki wa taifa. Bartók alianza kushuku kwamba asili hiyo ilikuwa kwingine, kwa wakulima ambao wasomi hawakuwahi kuwasikiliza.

Mwaka 1905 alikutana na Zoltán Kodály, mtunzi mwenzake aliyekuwa ameshaanza kukusanya nyimbo, na mwaka uliofuata wakatoa pamoja kitabu cha nyimbo 20. Kazi ya kukusanya ilikuwa ngumu. Fonografu ilibebwa kwa mkokoteni hadi kijijini, mwimbaji akaombwa aimbe ndani ya pembe ya mashine, na sindano ikachora sauti yake juu ya silinda ya nta iliyojaa baada ya dakika chache tu. Nta huchakaa kila inapochezwa. Ilibidi kila wimbo usikilizwe kwa makini na kuandikwa kwa noti, pamoja na kila mpindo wa sauti, na Bartók aliirudia kazi hiyo ya kuandika kwa miaka mingi, akisahihisha alichokwisha kuandika. Katika nyimbo kongwe alikuta mpangilio wa sauti tano, na humo akapata njia ya kutunga nje ya kanuni za Kijerumani alizofundishwa chuoni.

Hakuishia kwa Wahungaria. Alikusanya nyimbo za Waslovakia na za Waromania kwa maelfu, na mwaka 1913 akaenda Biskra, nchini Aljeria, kurekodi muziki wa Waarabu. Hapo ndipo ukuu wake unapoonekana: kijana aliyetoka kutafuta sauti ya taifa lake aligundua kwamba nyimbo huvuka mipaka, na hakuuficha ukweli huo hata wazalendo wenzake walipomshutumu kwa kuwapenda mno Waromania. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ulipoimega Hungaria, sehemu nyingi alizokuwa akizizuru zilijikuta ng'ambo ya mpaka, na safari zake za vijijini zikakoma kwa muda mrefu.

Mjini Budapest kazi zake zilipokelewa kwa shida. Opera yake ya pekee, Kasri la Bluebeard, ilimalizwa mwaka 1911 lakini haikuonyeshwa hadi 1918. Hata nje ya nchi, onyesho lake la jukwaani lisilo na maneno, Mandarini wa Ajabu, lilipigwa marufuku mjini Cologne mwaka 1926 baada ya usiku mmoja tu. Riziki yake ilitokana na kufundisha piano chuoni tangu 1907 hadi 1934 na kupiga piano ukumbini. Mfululizo wa Mikrokosmos, vipande 153 vinavyomwongoza mwanafunzi kutoka hatua ya kwanza kabisa, bado hufundishwa duniani kote. Tungo zake sita kwa ala nne za nyuzi, zilizoandikwa kati ya 1908 na 1939, ndizo zinazomweka karibu na Beethoven.

Wanazi waliposhika Ujerumani, Bartók alikataa kupiga muziki huko. Mama yake alifariki Desemba 1939, na Oktoba 1940 akaondoka na mkewe wa pili, Ditta, kwenda Marekani. Katika wosia alioacha, alikataza barabara yoyote nchini Hungaria ipewe jina lake maadamu viwanja vya Budapest vilikuwa na majina ya Hitler na Mussolini.

Mjini New York alipewa kazi na Chuo Kikuu cha Columbia ya kuandika kwa noti nyimbo zilizorekodiwa huko Yugoslavia. Mialiko ya kupiga piano ilikuwa michache, na saratani ya damu ilikuwa imeanza kumdhoofisha. Mwaka 1943 kiongozi wa okestra ya Boston, Serge Koussevitzky, alimfikia hospitalini na kumwomba utunzi mpya kwa dola 1,000. Ukawa ndio Koncherto ya Okestra, iliyopigwa Boston Desemba 1944 na kupendwa papo hapo. Utunzi wa tatu wa piano na okestra, alioukusudia uwe wa Ditta, aliukamilisha isipokuwa upangaji wa ala wa vipimo 17 vya mwisho vya muziki, ambao ulimaliziwa na rafiki yake Tibor Serly.

Alifariki Septemba 26, 1945, akiwa na miaka 64, akazikwa nje kidogo ya jiji la New York. Mwaka 1988 mabaki yake yalirejeshwa Budapest na kuzikwa kwa heshima za taifa katika makaburi ya Farkasrét.