Nauli ya Pwani: Kumuuguza Mwenye Saratani Isiyopona Tabora

Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea miezi miwili, mara nyingi mitatu, ukakata nchi ya Ugogo na nyika ya Mgunda Mkali ndipo uone Tabora. Reli ilifika mwaka 1912, na siku hizi kwa basi ni safari ya siku moja. Kwa mgonjwa wa saratani, hata hivyo, njia ni ileile: tiba iko pwani. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Tabora. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iko karibu zaidi, lakini nayo haifikiki kwa miguu. Anayeweza kupona asafirishwe, hilo halina mjadala. Ila Tanzania wagonjwa wengi hugundulika saratani ikiwa imeshasambaa, na ukoo huuza ng'ombe au tumbaku kumrudisha Dar es Salaam mara ya pili na ya tatu, hata pale madaktari walipokwisha kusema kilichobaki ni kutuliza maumivu. Ninachodai ni kwamba kuanzia hapo msaada wenye maana ni kumuuguza kwake bila maumivu, na kwamba ndugu hawawezi kulitimiza hilo peke yao iwapo dawa ya maumivu haifiki hata wilaya za mkoa kama Sikonge, Urambo na Kaliua.

Dawa yenyewe si ya ajabu. Mofini ya kunywa hutengenezwa kwa poda na maji. Mgonjwa hupimiwa kwa bomba lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Kidonda cha saratani kinachonuka, jambo linalowaaibisha sana wagonjwa, hupungua harufu kikinyunyiziwa metronidazo iliyosagwa. Yote haya hufanyika chumbani, na binti au mke aliyeelekezwa vizuri huyamudu. Uganda imethibitisha kwamba nchi isiyo tajiri inaweza: Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu, kuandika mofini, maana kijijini muuguzi ndiye aliyepo.

Wapo wanaohofu kwamba dawa hiyo humfanya mgonjwa teja au humharakishia kifo. Ikitolewa kwa kipimo, ikaongezwa polepole kwa kufuata maumivu, haimuui. Na uteja kwa mwenye saratani inayouma ni nadra. Pingamizi zito zaidi ni la heshima: kumwacha mzazi nyumbani huonekana kumtupa, kumbeba ndiko kumpenda. Tabora ina mfano mkubwa wa kubeba. Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao, watumishi wa mpelelezi Livingstone, walifika hapo na mwili wake. Mpelelezi Mwingereza Cameron akawashauri wauzike mwili hapo, wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Uaminifu wao hauna shaka, lakini aliyebebwa alikuwa hasikii tena maumivu. Mwenye saratani iliyoingia mifupani hulisikia kila tuta la barabara.

Familia nyingi pia humficha mgonjwa ukweli ili asivunjike moyo. Nia ni njema, sikubaliani nayo. Mtu mzima ana madeni, ana mashamba ya kugawa, ana mtu anayetaka kupatana naye. Akifichwa, ndugu wanamnyang'anya muda wa kuyamaliza hayo. Asiyetaka kujua aachwe, mradi aulizwe kwanza.

Linabaki swali la wanawake, kwa sababu kuuguza nyumbani, kwa hali halisi, ni kuwatwisha wao: kugeuza mgonjwa usiku, kufua mashuka, kuacha palizi. Pingamizi hili nalikubali zaidi ya nusu. Ndiyo maana muuguzi wa zahanati hana budi kupangiwa siku za kupita majumbani akiwa na chupa ya mofini, na ukoo uliokuwa tayari kuuza ng'ombe kwa nauli ya pwani umlipe kibarua wa kupalilia shamba la yule anayeuguza, tena tangu wiki ya kwanza, kabla hajachoka.