Viti 15,000 vya chuo kidogo: nani alilipa, na nani aliruhusiwa kuingia

Mtu akisikia kwamba mwaka 1928 chuo kidogo cha Marekani kilijenga ukumbi wa basketi wenye viti 15,000, wazo la kwanza ni kwamba kuna tajiri alifungua pochi. Ndo tulivyozoea. Tukiona jengo, tunatafuta kibao cha mfadhili. Lakini ukumbi wa chuo cha Butler, pale Indianapolis, katika jimbo la Indiana, haukuanza na zawadi. Ulianza na mkataba. Ndiyo maana kundi letu limeuchagua mwezi huu, kwa sababu sisi na nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika tunaongea kila siku juu ya viwanja, na karibu kila mara mazungumzo yanaishia kwenye swali la nani atatoa hela ya saruji. Kuna maswali mengine ya kuuliza kabla ya hilo.

Tuanze na chuo chenyewe. Butler kilianzishwa mwaka 1855, na mtu aliyekiongoza mwanzoni alikuwa mwanasheria Ovid Butler, mpinzani wa utumwa. Ni chuo cha binafsi, si cha serikali. Katika miaka ya 1920 kilikuwa kinahama kutoka upande mmoja wa jiji kwenda eneo jipya lililoitwa Fairview, na mipango ya eneo hilo ilikuwa na majengo ya masomo na pia ya michezo. Sasa fikiria: chuo chenye wanafunzi wachache, kinahama, kina madarasa ya kujenga, halafu kinataka ukumbi wa watu 15,000. Kwa hesabu ya kawaida huo ni wazimu. Hata ukiwaleta wanafunzi wote, walimu wote, wapishi na walinzi, majukwaa yanabaki matupu.

Hesabu ilikubali kwa sababu ya watoto wa sekondari.

Indiana ya wakati ule ilikuwa na ugonjwa wa basketi. Tangu mwaka 1911 kulikuwa na mashindano ya shule za sekondari za jimbo zima, na hayakugawanywa kwa ukubwa wa shule. Shule ya kijijini yenye wanafunzi mia moja na kitu ilikuwa kwenye kapu moja na shule ya jiji yenye maelfu. Ukipoteza mechi moja, unarudi nyumbani. Watu walikuwa wanafunga maduka kufuata ekipi yao. Kabla ya mwaka 1928 fainali zilikuwa zinachezwa kwenye jengo la maonyesho ya kilimo ambalo watu walilibandika jina la zizi la ng'ombe, na si kwa utani tu. Chama cha michezo cha shule za sekondari kilikuwa na watazamaji, lakini hakikuwa na nyumba. Butler kilikuwa na kiwanja cha ardhi na ndoto, lakini hakikuwa na watazamaji wa kutosha.

Hapo ndo mambo yaliungana. Wafanyabiashara 41 wa Indianapolis walianzisha kampuni ya kujenga ukumbi, na chama cha shule kikakubaliana na Butler kwamba fainali za jimbo zitachezwa humo. Gharama ilikuwa karibu dola 750,000, hela nyingi sana kwa wakati huo. Mchoraji wa ramani alikuwa Fermor Spencer Cannon. Tarehe 7 Machi 1928 ukumbi ulifunguliwa kwa mechi kati ya Butler na Notre Dame, Butler wakashinda 21 kwa 13 baada ya muda wa nyongeza. Ndiyo, 21 kwa 13, siku hizi watu wanapata hizo pointi kabla jasho halijatoka. Kwa zaidi ya miaka 20, mpaka 1950, hakukuwa na ukumbi wa basketi mkubwa kuliko huo Marekani nzima. Chuo kidogo kabisa, ukumbi mkubwa kuliko wote.

Tunaomba mtu asipite haraka hapa. Hawa watu hawakujenga kwanza halafu wakaanza kutafuta nani atautumia. Mpangaji alikuwepo kabla ya tofali. Yeyote aliyeishi kambini anaijua hadithi ya kinyume chake: mradi unakuja, tereni inamwagwa saruji, ringi mbili zinasimamishwa, picha zinapigwa, mradi unafunga miezi kumi na mbili yake. Mwaka unaofuata ringi moja imelala chini, na ukiuliza ni kazi ya nani kuisimamisha, unatumwa ofisi hii, ile, mpaka unachoka. Hela ya kujenga ilipatikana. Ila hakuna karatasi iliyoandikwa nani atacheza pale kila wiki, nani atakusanya chochote, na nani ana ufunguo. Wajamaa wa Indianapolis walikuwa na karatasi hiyo, na bahati yao ilikuwa kubwa kuliko walivyojua, maana mwaka mmoja na nusu baada ya kufungua, mwezi Oktoba 1929, soko la hisa la New York lilianguka na Marekani ikaingia kwenye njaa ya miaka mingi. Fainali za sekondari zikaendelea kuja humo kila mwezi Machi.

Lakini karatasi hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili, na hapa ndo tunataka kukaa.

Mwezi Septemba 1927, yaani nusu mwaka tu kabla ya ukumbi kufunguliwa, jiji la Indianapolis lilifungua shule nyingine ya sekondari iliyoitwa Crispus Attucks. Attucks alikuwa mtu mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika, aliyeuawa na askari wa Kiingereza pale Boston mwaka 1770. Jina zuri. Sababu ya shule haikuwa nzuri. Kabla ya hapo, vijana weusi wa jiji walikuwa wanasoma sekondari pamoja na wengine. Miaka ya 1920 ilikuwa miaka ya Ku Klux Klan kushika siasa za Indiana, na gavana aliyechaguliwa mwaka 1924, Edward Jackson, aliungwa mkono nao. Shule ya Attucks ilijengwa ili vijana weusi wote watolewe kwenye shule zingine na kuwekwa mahali pamoja. Na mwaka huohuo wa 1927, Butler, chuo cha mpinga utumwa yule, kikaweka kikomo cha wanafunzi weusi 10 tu kwa mwaka. Kikomo hicho kilidumu mpaka 1948.

Sasa rudi kwenye mpangaji wa ukumbi. Chama cha michezo cha shule kilisema Attucks haiwezi kuwa mwanachama kwa sababu si shule ya umma iliyo wazi kwa kila mtu. Soma tena sentensi hiyo taratibu. Jiji linawafungia watu mahali pamoja kwa rangi yao, halafu chama kinasema: poleni, shule yenu si wazi kwa wote, hamwezi kucheza. Kijana mmoja mmoja mweusi aliyekuwa kwenye shule mchanganyiko mahali pengine jimboni aliweza kuingia uwanjani, na wapo waliofanya hivyo. Dave DeJernett alikuwa nyota wa ekipi ya mji wa Washington, Indiana, iliyochukua ubingwa mwaka 1930 humo humo ndani. Lakini shule ya weusi kama shule, hapana. Mlango ulifunguka mwaka 1942. Tangu ukumbi ufunguliwe ilikuwa imepita miaka 14 ambayo jengo kubwa kuliko yote nchini lilisimama kwenye jiji lao na wao hawakuhesabiwa kwenye mashindano yaliyolilipia.

Hatusemi wale wafanyabiashara 41 ndio walioandika sheria hiyo ya chama. Hatuna ushahidi wa hivyo. Tunachosema ni kwamba ukiuza viti vyako kwa mpangaji mmoja mkubwa, unanunua na sheria zake za mlangoni, utake usitake. Wakimbizi tunalielewa hili bila kufundishwa. Kuna viwanja tunapita karibu navyo kila siku ambavyo vinatumika kwa ligi ambayo kijana mwenye karatasi yetu haandikishwi.

Katikati ya habari hii vita ikaja. Kuanzia 1943 mpaka 1945 fainali zilihamishwa, kwa sababu jeshi lilichukua ukumbi na kulaza askari wa anga na wa majini ndani yake. Watu walilala pale ambapo watu hucheza. Sisi tuliopokelewa siku za kwanza kwenye madarasa na makanisa hatuhitaji maelezo zaidi.

Vita ikaisha, mechi zikarudi, na sasa Attucks wapo ndani. Ila walikuwa na shida nyingine ya ajabu: shule yao ilijengwa na jimu ndogo mno, haikufaa kupokea mechi kubwa. Kwa hiyo miaka mingi ya mwanzo walikuwa wanasafiri vijijini kucheza na shule ndogo zilizokubali kuwapokea, wanakataliwa migahawani njiani, wanarudi usiku. Walipoanza kuwa wakali chini ya kocha Ray Crowe, katika miaka ya 1950, watu wakawa wengi, na mechi zao za "nyumbani" zikahamia kwenye ukumbi wa Butler. Yaani shule iliyonyimwa jimu ya maana ikawa inaujaza ukumbi wa chuo kilichokuwa kinahesabu wanafunzi weusi kwa vidole. Hela ya kiingilio haikuuliza rangi ya aliyeileta.

Mwaka 1954 Attucks walitolewa humo na Milan, shule ya wanafunzi 161. Milan wakaenda mpaka fainali na kuwapiga Muncie Central 32 kwa 30, kwa kikapu cha mwisho cha Bobby Plump. Hadithi hiyo ndiyo iliyozaa sinema ya Hoosiers ya mwaka 1986, ambayo fainali yake ilipigiwa picha ndani ya ukumbi wenyewe. Ni sinema nzuri, tuliifurahia. Lakini kwenye ile ekipi ya Attucks iliyofungwa kulikuwa na kijana aliyeitwa Oscar Robertson, na mwaka uliofuata, 1955, yeye na wenzake walishinda kila kitu. Fainali: Attucks 97, Gary Roosevelt 74. Gary Roosevelt nayo ilikuwa shule ya weusi. Attucks ikawa shule ya kwanza ya weusi Marekani kuchukua ubingwa wa jimbo ulio wazi kwa shule zote. Mwaka 1956 wakarudia, bila kupoteza hata mechi moja.

Desturi ya mabingwa ilikuwa kupanda gari la zimamoto na kwenda mpaka mnara wa katikati ya jiji kusherehekea. Mabingwa wa 1955 walizungushwa hapo, halafu msafara ukaelekezwa kwenye bustani ya mtaa wa watu weusi, Northwestern Park, wakasherehekee huko. Walikuwa vijana wa jiji hilo hilo, ubingwa wa kwanza kabisa ambao Indianapolis iliwahi kupata. Robertson aliondoka akacheza Cincinnati, akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia, na jambo la siku ile amelisema kwa uchungu hata uzeeni. Kushangiliwa ndani ya jengo ni kitu kimoja. Kukubaliwa barabarani ukitoka ni kingine, na wafanyakazi wa mashirika wanaotuandikia miradi ya "michezo kwa ajili ya kuishi pamoja" wangefanya vizuri kuisoma siku hiyo.

Yaliyobaki tutayapita haraka. Katikati ya miaka ya 1960 ukumbi ulipewa jina la Tony Hinkle, kocha aliyefika Butler mwaka 1921 na kufundisha basketi, futiboli ya Kimarekani na besiboli. (Mpira wa rangi ya chungwa mnaoushika leo ni wazo lake, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake mipira ilikuwa ya kahawia iliyokolea na watazamaji wa nyuma hawaioni.) Mwaka 1971 ilikuwa fainali ya mwisho ya sekondari humo. Mpangaji mkubwa akahama kwenda kumbi mpya zaidi. Butler kikabaki na jengo la watu 15,000 na ekipi ya watu wachache. Mwaka 1987 serikali ililitangaza kuwa jengo la kihistoria la taifa. Mwaka 1989 likakarabatiwa, viti vikapunguzwa mpaka karibu 11,000.

Halafu mwaka 2010, Butler, chuo chenye wanafunzi wasiofika 5,000, kikafika fainali ya taifa ya vyuo, ndani ya Indianapolis yenyewe, chini ya kocha kijana Brad Stevens. Wakafungwa na Duke 61 kwa 59, mpira wa mwisho wa Gordon Hayward kutoka katikati ya uwanja ukagonga ringi ukatoka. Mwaka 2011 wakafika tena, wakafungwa na Connecticut. Ndani ya miaka miwili wakahama ligi mara mbili. Milango ya wachangiaji ikafunguka kuliko wakati wowote.

Hapo chuo kingine kingebomoa na kujenga kikubwa zaidi. Butler walikusanya michango, wakatumia dola milioni 36, na kazi ilipokamilika mwaka 2014 viti vilikuwa vimepungua tena, vikabaki kama 9,100. Hela ilienda kwenye kuta, mifumo ya ndani, vyumba vya wachezaji, viti vipana, na yale madirisha makubwa ya kwenye ncha za ukumbi, ambayo mchana yanaleta jua mpaka kwenye mbao za uwanja.