Kukumbuka Bila Kulipiza: Kazi ya Wakili Albie Sachs



Katika mazungumzo yetu ya leo juu ya amani tutaikumbuka kazi ya avoka mmoja wa Afrika ya Kusini, Albie Sachs. Swali letu ni hili: mtu aliyetendewa mabaya afanye nini na kumbukumbu yake? Akijilazimisha kusahau, kidonda kinaoza ndani. Akilipiza, anawaachia watoto wake vita. Je, iko njia ya tatu?

Sachs alizaliwa Johannesburg mwaka 1935. Alianza uwakili huko Cape Town akiwa na miaka 21, akiwatetea watu walioshitakiwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Mwaka 1963 alikamatwa na kufungiwa peke yake siku 168, bila kuhukumiwa. Mwaka 1966 alikimbilia Uingereza, baadaye akaishi Msumbiji. Tarehe 7 Aprili 1988, mjini Maputo, maajenti wa serikali ya ubaguzi walitega bomu katika motokari yake. Alipoteza mkono wa kuume na jicho moja likapofuka. Mpita njia mmoja alikufa.

Akiwa hospitalini, mwenzake alimwandikia kwamba watamlipizia kisasi. Sachs akajiuliza: tukianza kukatana mikono na kupofushana macho, tutapata nchi gani? Akaamua kwamba kisasi chake kitakuwa nchi yenye haki kwa kila mtu.

Mwaka 1994 Rais Mandela alimteua kuwa jaji wa Korti ya Katiba. Jengo la korti hiyo lilifunguliwa mwaka 2004 mahali palipokuwa na gereza. Gandhi na Mandela, ambao nao walikuwa mawakili, waliwahi kufungwa hapo. Matofali ya sehemu ya mahabusu yalitumika kujenga ukumbi wa hukumu. Gereza halikufichwa, liligeuzwa kazi.

Sachs na jaji mwenzake, Bi Yvonne Mokgoro, walipewa randi 10,000 za kupamba korti. Fedha hizo walinunulia kazi moja tu ya kufuma, ya msanii Joseph Ndlovu. Kisha Sachs akawaendea wasanii na marafiki kuomba msaada, hata korti ikapata mamia ya kazi za sanaa.

Moja ya kazi hizo ilianzia redioni. Msanii Judith Mason alisikia habari za Phila Ndwandwe, msichana mpigania uhuru aliyekamatwa na polisi mwaka 1988. Walimweka uchi. Akajisitiri kwa mfuko wa plastiki wa buluu, kisha wakamwua. Mason aliokota mifuko ya buluu, akamshonea gauni. Leo gauni hilo limo kortini. Jaji apitapo hapo anakumbushwa kwamba kesi ni watu, si makaratasi.

Msidhani kwamba msamaha ulikuja kwa urahisi. Mwanajeshi mmoja aliyeshiriki kuandaa lile shambulio la Maputo alikwenda kumwona Sachs. Sachs alizungumza naye, lakini hakumpa mkono. Alimwambia aende kwanza mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho. Walipokutana tena, baada ya yule mtu kusema aliyoyafanya, ndipo Sachs akampa mkono. Ukweli ulitangulia.

Sasa, viongozi, sikilizeni hili. Mwaka 2004 ilifika kortini kesi ya mji wa Port Elizabeth, unaoitwa Gqeberha tangu 2021. Watu 68, kati yao watoto 23, walikuwa wamejenga vibanda 29 katika shamba la wengine. Wengi walikuwa wameshafukuzwa mahali pengine. Majirani 1,600 walitia sahihi wakitaka waondolewe. Sachs ndiye aliyeandika hukumu: korti ilikataa kuwafukuza. Mwenye shamba ana haki yake, lakini hao nao ni watu. Wakuu wa mji walipaswa kwanza kuwasikiliza na kutafuta mapatano kwa njia ya mpatanishi.

Mnaona jinsi mambo haya yanavyofungamana. Sanaa inamfanya mtu aonekane. Sheria inampa nafasi ya kusikilizwa. Anayejulikana jina na taabu yake ni vigumu kumfukuza kama mbuzi aliyeingia shambani.

Ninyi mlio kambini, andikeni majina ya marehemu wenu na ya vijiji vyenu. Watoto wachore nyumba walizoziacha. Wimbo wa msiba uimbwe, ila usiwe wimbo wa kutukana kabila la jirani. Nanyi machifu, kabla ya kuhamisha familia hata moja, kaeni chini na wenye shamba pamoja na waliokimbia. Kila upande useme, mwingine unyamaze asikie.

Maswali ya kujadili pamoja:
1. Katika mtaa wetu, ni nani ambaye hajapewa nafasi ya kusema yaliyompata?
2. Ni kumbukumbu gani tutawaachia watoto, na tutaihifadhi wapi?